Barua ya wazi kwa ami yangu wa Chake: kabla hujainunua Weber

Ami yangu,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Nakujibu hadharani kwa sababu swali lako wanalo wengi wenye gari za zamani: je, ung'oe kabureta mbili (vile vifaa vya kuchanganya petroli na hewa) za SU kwenye MGB yako, gari ndogo ya michezo ya Kiingereza, ya 1967, ufunge kabureta moja ya Weber, aina ya 45 DCOE? Rai yangu ni usiifunge. Fedha ya Weber itie kwenye hizo hizo SU, na gari utaiona imekuwa nyingine.

Kwanza, tazama barabara zenu. Pemba ni vilima na kona. Toka Chake kwenda Mkoani unataka injini ivute kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, si ipige kelele kwenye 5,500. Weber koo lake, yaani njia yake ya hewa, halibadiliki: ukiiweka ya 36 mm ni 36 mm asubuhi mpaka jioni, na hewa ikipita polepole petroli haichanganyiki sawasawa, gari inakohoa pale pale unapokanyaga kupanda. SU ina pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa yenyewe, kwa hiyo koo linapanuka kwa kadiri injini inavyotaka. Tena kichwa cha injini yako ya 1,798 cc kina milango miwili tu ya kuingizia hewa: silinda ya 1 na ya 2 zinagawana mmoja, ya 3 na ya 4 mwingine. Kichwa hicho ndicho kinachobana hewa. Kikishachongwa, na kemshafti (mhimili unaofungua vali) ikibadilishwa, hapo ndipo pa kuzungumza Weber, au SU aina ya HS6 za inchi 1¾ badala ya HS4 zako za inchi 1½.

Ugonjwa mkubwa wa HS4 kuukuu ni shafti ya kipepeo, ile inayobeba kisahani cha shaba cha kufungua njia ya hewa. Ishike kwa vidole viwili uitikise juu na chini. Ikicheza kiasi cha jicho kuona, hewa inaingia pembeni na hakuna bisibisi itakayoituliza sailensa, yaani mwendo wa injini usipokanyaga mafuta. Kuna kipimo kingine: injini ikiwa inanguruma taratibu, dondosha tone la oili nzito kwenye ncha ya shafti. Mlio ukibadilika, umeipata. Dawa yake ni fundi mkereza vyuma atanue tundu kwa unyoofu, atie bushi mpya (vipete vya kubeba shafti), na shafti mpya iingie. Hapa usimwachie mtu wa drili ya mkono. Tundu likienda upande, kipepeo kitakwama. Visikurubu viwili vinavyoshika kisahani lazima viwe vipya, na ncha zao zilizopasuliwa zitanuliwe baada ya kukazwa. Kimoja kikilegea kinaingia moja kwa moja ndani ya silinda.

Ukiagiza Uingereza, agiza vyote mara moja, maana kifurushi kikishafika Unguja bado kina safari ya boti. Kwa kabureta zote mbili: shafti 2, visahani 2 na skurubu zake, bushi 4, jeti 2 (vimirija vinavyotoa petroli), sindano 2 (zinazoingia ndani ya jeti kupima petroli), vali za floti 2 (za boya la kwenye bakuli la petroli), vipande vya kuzuia joto 2 na gasketi 6. Jeti ya mbele na ya nyuma hazifanani, kwa hiyo taja zote mbili. Kwenye sindano soma herufi ndogo zilizochongwa kwenye shina lake, usikisie kwa macho. Na kama unataka machujio ya hewa yaliyo wazi zaidi, sindano nayo lazima iwe ya kupitisha petroli zaidi. La sivyo mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani petroli inapungua, na vali za eksozi zinaungua.

Wakati wa kusafisha, kila kikombe (kile kinachofunika pistoni kwa juu) kirudi na pistoni yake. Vilipimwa pamoja kiwandani, ukivichanganya vitakwama. Petroli na kitambaa laini vinatosha. Msasa usiuguse humo, hata kama hewa ya chumvi imeacha utandu mweupe. Bega la sindano likae sawa na uso wa chini wa pistoni. Ukiinua pistoni kwa kidole na kuiachia, ishuke bila kusita na igonge chini, tok. Isipogonga, sindano inasugua jeti, na jeti inataka kuwekwa katikati upya. Oili ya juu, ile ya kutuliza mwendo wa pistoni, ni SAE 20, ipite ncha ya bomba la pistoni kwa kama mm 13. Ikiwa nyepesi mno gari inasita ukikanyaga ghafla. Ikiwa nzito pistoni inachelewa kupanda na moshi mweusi unatoka.

Sasa joto. Eksozi ya MGB iko chini ya kabureta, upande ule ule. Ukizima gari juani kwa robo saa, petroli kwenye bakuli za floti inachemka na gari inagoma kuwaka. Vile vipande vya kuzuia joto na bati la kinga si urembo, virudishe vyote, gasketi kila upande. Mirija ya kumwagia petroli inayofurika ielekee chini, mbali na eksozi. Na ule mrija wa plastiki unaotoka bakuli kwenda kwenye jeti, badilisha mpira wake wa kuzibia. Tone la hapo linaangukia chuma cha moto, ami, na gari ni ya kuungua.

Kabla ya kurekebisha chochote: weka nafasi ya tepeti (za vali) 0.38 mm injini ikiwa baridi, ya pointi (za kukatia umeme wa cheche) 0.38 mm, ya plagi 0.64 mm. Injini ipate moto kamili. Legeza vibanio vya kiungo kati ya kabureta mbili. Pandisha jeti zote mpaka zilingane na daraja la koo (ule mwinuko wa chini ya pistoni), kisha zishushe duru mbili kamili, yaani bapa 12 za nati, kila nati ina pande sita. Tia ncha moja ya mrija wa mpira sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kila kabureta, uzungushe skurubu za sailensa mpaka mivumo ilingane. Halafu inua pistoni ya mbele kidogo sana, chini ya mm 1. Mlio ukipanda kidogo na kutulia, basi. Ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi: pandisha jeti bapa moja. Ukianguka, imepungua: shusha. Fanya hivyo na ya nyuma, rudi ya mbele, maana moja ikiguswa nyingine inasikia. Ndipo ukaze vibanio.

Baada ya wiki ya kuendesha, kaza tena nati za manifoldi (mabomba yanayoshika kabureta na eksozi kwenye kichwa), kisha ung'oe plagi zote nne. Rangi ya kahawia iliyopauka ndiyo unayoitaka. Mbili za mbele zikiwa nyeusi na za nyuma nyeupe, ujue kabureta hazijalingana. Rudi kwenye mpira wa sikioni.