Kwa mpwa wangu anayeanza kazi katika ofisi ya mbunge

Mpwa wangu,

Hongera. Mama yako amenipa habari kwamba umechukuliwa kuwa msaidizi katika ofisi ya mbunge wenu na, kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, ameshawaambia majirani kwamba basari za watoto wao, yaani msaada wa karo, sasa ni suala la kupiga simu tu. Mkanye mapema. Mimi nimekaa miaka mingi kwenye meza kama hiyo utakayoikalia, huku huku Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, na haya ningeweza kukutumia kwa WhatsApp yakaishia kati yetu. Nimeyaandika hadharani kwa sababu wanaopanga foleni nje ya mlango wenu nao wana haki ya kujua mambo yanavyokwenda upande wa pili wa meza.

Utakuta ofisi imegawanyika makundi mawili. Kuna watu wa Bunge, wanaovaa suti na kushinda katika lile jengo jipya la Bunge Tower, wanaongea habari za miswada, hoja na kamati. Halafu kuna watu wa mashinani, wanaokusanya fomu za basari na kusikiliza kilio cha kina mama. Kila kundi huliona lile jingine kama linalokula mshahara wa bure. Usijiunge na lolote. Nilichojifunza ni kwamba maswali mazuri ya Bungeni yanatoka kwenye foleni ya Jumatatu, na mbunge asiyelijua hilo atasoma maswali aliyoandikiwa na watu wenye biashara zao.

Wiki yenyewe ni hii. Bunge la Kitaifa hukaa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na tena alasiri, kisha Alhamisi alasiri. Asubuhi zilizobaki katikati ya wiki ni za kamati. Jumatatu na Ijumaa ni za wananchi, Jumamosi ni ya matanga na harusi, Jumapili ni ya kanisa. Mbunge wa Turkana akishapanda ndege ya Lodwar, au akishatoka Lodwar kurudi mjini, kuna watu hawawezi kumfikia hata wakitaka. Mbunge wa Nairobi hana pa kujificha. Mpiga kura wake anapanda matatu, anashuka mjini na kumngoja langoni Parliament Road, na akimkosa huko atampata kwenye duka la nyama jioni. Kwa hiyo msishangae mkiwa na kazi nyingi kuliko wenzenu wa mbali ambao kila mtu huwaonea huruma.

Sasa foleni. Nusu ya watakaokuja, wallahi, wamekuja mlango usio wao. Taka hazijazolewa, mtaro umeziba, zahanati haina dawa, chekechea haina madawati: hayo yote Katiba ya 2010 iliyapa kaunti, na mtu wake ni mwakilishi wadi, yule anayekaa City Hall. Vitambulisho, polisi, shule za msingi na za sekondari ni za serikali ya kitaifa, na hizo ndizo zenu. Barabara ndizo zitakazokutoa jasho, maana nyingine ni za kaunti na nyingine ni za mamlaka ya barabara za mijini, na shimo lenyewe halina kibao cha kusema ni la nani. Lakini usimfukuze mtu kwa kumwambia “hii si kazi yetu.” Mama aliyetembea kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru na mtoto mgongoni hakuja kusomewa Katiba. Mwandikie karatasi yenye jina la ofisi, ghorofa na suala lake, umpeleke kwa mwakilishi wadi akiwa na kitu mkononi. Na wewe ubaki na nakala.

Basari itakula muda wako kuliko kitu kingine. Fomu, muhuri wa chifu, nakala ya kitambulisho cha mzazi, barua ya shule ya kuonyesha karo. Fedha ni za mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, una kamati yake na meneja wake, na cheki huandikwa kwa jina la shule. Mheshimiwa hatoi mfukoni mwake, ingawa kwenye picha utadhani ndiye aliyeziuza ng'ombe. Mfuko huu ulianza mwaka 2003, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria inayouendesha inakwenda kinyume na Katiba. Mabishano hayakuishia hapo. Utaulizwa habari zake kila siku. Jibu kwa unavyojua siku hiyo, usiahidi mwaka ujao.

Nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kila anayekuja ana shida yake, na njia rahisi ya kuimaliza ni simu. Kijana hajapata kitambulisho, mheshimiwa anampigia mtu anayemjua, kitambulisho kinatoka, kijana anashukuru na kura imepatikana. Ofisi nyingi zinaishi hivyo, na watu huzisifu. Kesho yake wanakuja vijana wengine kwa shida ile ile, kwa sababu kilichowakwamisha hakijaguswa. Hata yule afisa anayepokea simu anazoea: faili haisogei mpaka mheshimiwa apige. Simu ile, basi, inazidi kuirefusha foleni.

Kwa hiyo weka daftari. Andika siku, mtaa, shida, ofisi iliyomkwamisha mtu na muda aliosubiri. Kila Ijumaa lisome. Shida ikijitokeza mara nyingi kutoka ofisi moja, huyo si kijana mwenye bahati mbaya, hilo ni swali la Bungeni. (Na daftari lenyewe lifungie kabati. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data, na nimeona majina na namba za vitambulisho vya watu zikirushwa kwenye magrupu ya kampeni kama vipeperushi.)

Nitakupa mfano wa mafuriko. Aprili na Mei 2024 mito ya Nairobi ilipofurika, Mathare ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi, serikali iliamuru waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Tingatinga zikaingia. Rais akafika Mathare na kuahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa. Unajua yaliyofuata katika ofisi kama zetu: watu wanauliza orodha ilichukuliwa na nani, mbona jirani yangu amepata na mimi sijapata, mbona jina la mtu ambaye hajawahi kuishi hapa limo. Mbunge angeweza kusimama Bungeni na kulalamika kwa uchungu, na wapo waliofanya hivyo na wakapigiwa makofi. Malalamiko hayo yanaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na yanabaki humo.

Swali linalouma limejengwa kwa njia nyingine. Familia ngapi ziliandikishwa, mtaa kwa mtaa? Ngapi zimelipwa, kwa njia gani, na tarehe gani? Fedha hizo zilitoka fungu lipi la bajeti? Nani alitia saini orodha? Ukiuliza hivyo, waziri hawezi kujibu kwa hotuba. Akisema familia fulani zote za mtaa fulani zimelipwa, unalo daftari la watu wa mtaa huo ambao hawajaona senti. Hapo kamati ya usalama wa ndani ina kazi ya kufanya, na kifungu cha 125 cha Katiba kinazipa kamati nguvu za Mahakama Kuu za kuita shahidi na kudai stakabadhi. Wabunge wengi hutumia nguvu hizo kufokea maafisa mbele ya kamera. Wewe mwandalie mheshimiwa orodha ya stakabadhi za kudai. Kufoka ataweza mwenyewe.

Kuna mlango mwingine ambao ofisi nyingi haziubishi kabisa. Mwaka 2024 watu walikuja kwetu wakiwa na hasira kwa sababu kitambulisho kipya, kilichokuwa cha bure, sasa kilitakiwa kulipiwa shilingi 300, na aliyepoteza chake alipe 1,000 badala ya 100. Walidhani Bunge limepitisha. Ada kama hizo hutangazwa na waziri katika Gazeti Rasmi la serikali. Lakini kwa sheria ya 2013 inayosimamia kanuni za mawaziri, kanuni ikishachapishwa lazima ifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao, la sivyo inakosa nguvu, na iko kamati nzima yenye uwezo wa kupendekeza ifutwe. Gazeti Rasmi hutoka kila Ijumaa. Lisome, hata kama linachosha, na linachosha kweli.

Ripoti za Mkaguzi Mkuu nazo utazizoea. Katiba inamtaka azitoe ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa, na Bunge lizijadili ndani ya miezi mitatu baada ya hapo. Kamati ya hesabu mara nyingi iko nyuma kwa miaka, na katibu wa wizara anayehojiwa atasema kwa upole kwamba wakati huo hakuwa yeye. Usianze ukurasa wa kwanza. Anza na maoni ya mkaguzi: hesabu ni safi, zina kasoro, ni mbaya, au mkaguzi amekataa kutoa maoni kwa kuwa hakuonyeshwa vitabu. Kisha tafuta fedha zilizotengwa zikakaa bila kutumika katika idara zinazowakwamisha watu wa daftari lako. Kisha soma ripoti ya eneobunge lenu wenyewe, maana kila eneobunge, yote 290, hukaguliwa hesabu za mfuko wake, na mheshimiwa akimkalia waziri kooni huku darasa alilozindua halina paa, atajibiwa hapo hapo.

Kuhusu Jumamosi na Jumapili sina mengi. Mtachangishwa. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa fedha ambazo viongozi, Rais akiwa mbele, walitoa katika kanisa la Soweto, na kwa muda nilidhani tumepumua. Wapi! Mchango wa matanga haujapata askofu wa kuukataa. Nenda, keti na watu, kula pilau, lakini beba daftari, kwa sababu watu husema kwenye matanga mambo ambayo ofisini wanayameza.

Na usidhani watu hawafuatilii. Wabunge 195 walipopiga kura ya ndiyo kwa Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya, tarehe 25 Juni 2024 na 106 wakaukataa, vijana wa mitaa yetu walilijua jina la kila mmoja kabla hata ya Hansard kuchapishwa. Waliingia Bungeni siku hiyo. Wengine hawakurudi nyumbani. Kabla ya hapo wananchi walikuwa wametuma maoni mengi juu ya mswada ule, kwa maandishi na kwa mdomo, na hakuna aliyewarudia kuwaeleza maoni yao yalifanyiwa nini. Hilo ndilo shimo lililo katika ofisi nyingi, hata zile zinazofanya kazi: maswali yanatoka mtaani, majibu hayarudi.

Jibu la waziri likija litakuwa kurasa kadhaa za Kiingereza cha kiserikali na aya moja yenye maana. Aya hiyo iandike kwa Kiswahili, ibandike mlangoni, kisha chukua daftari uwapigie wale ambao shida yao ilizaa lile swali. Wengine watakuwa wamehama, wengine watakuuliza unataka kura gani tena wakati huu. Vumilia, endelea na namba inayofuata. Muulize kila mmoja kama hayo anayosema waziri ameyaona kwa macho yake huko anakoishi, na akisema hapana, andika tarehe.

Mjomba wako