Mume wangu hataki kuacha kihamba, shamba letu la nyumbani, nami nataka kwenda Kanada kwa binti yetu

Ndugu Mshauri,

Salaam kutoka Kibosho, Moshi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sekondari, nina mume, na tuna jambo ambalo limetushinda kulimaliza wawili. Nimewauliza ndugu, lakini kila mmoja ananijibu kwa upande aliokwisha kuuchagua. Ndiyo maana nakuandikia wewe usiyetufahamu.

Binti yetu Neema anaishi Edmonton, Kanada. Ni muuguzi, mume wake anaendesha malori ya safari ndefu, na wana watoto wawili, wa pili bado ananyonya. Mwezi Machi likizo yake ya uzazi inaisha. Ametuomba twende, mimi na baba yake, na hasemi habari ya kutembea wiki tatu tukarudi, anataka tukae. Nami nasema wazi: nataka kwenda. Nilipokuwa nafundisha, mama yangu ndiye aliyenishikia watoto, na sioni kwa nini Neema akose mkono huo kwa sababu tu yuko mbali.

Kuna njia ya kudhaminiwa tupate ukaazi wa kudumu, lakini kwa sasa mlango huo hatuufikii. Kanada iliandikisha watu wanaotaka kuwadhamini wazazi wao mwaka 2020, na miaka iliyofuata iliwaita kwa bahati nasibu kutoka orodha hiyo hiyo. Neema alipata ukaazi wake 2021, kwa hiyo hayumo. Na hata angekuwemo, mwenye ukaazi wa kudumu anatakiwa awe ndani ya Kanada angalau siku 730 katika kila miaka 5. Baba Neema aliposikia hivyo aliuliza swali moja tu: "Na kihamba nimwachie nani?"

Iliyobaki ni viza ya wazazi na mababu, ile wanayoiita Super Visa. Inaweza kutolewa ya hadi miaka 10, unaingia na kutoka, na kila ukiingia unaruhusiwa kukaa hadi miaka 5 mfululizo. Huruhusiwi kufanya kazi na wala hugeuki kuwa mkaazi. Neema aandike barua ya mwaliko na aonyeshe kipato kinachotosha familia yake pamoja na sisi, maana yake watu sita. Sisi tupimwe afya kwa daktari waliyemwidhinisha wao, tuchukuliwe alama za vidole, na kila mmoja awe na bima ya matibabu ya mwaka mzima isiyopungua dola 100,000 za Kanada. Majirani walishtuka wakadhani dola hizo zote tunazilipa sisi. Hapana, hicho ni kiwango cha gharama ambacho bima inapaswa kubeba, pamoja na gharama za kumrudisha mtu kwao. Tunacholipa ni ada yake.

Hata hivyo ada hiyo si ndogo kwa mzee wangu. Ana kisukari na presha, kliniki yake iko hospitali ya KCMC na dawa anapata kwa kadi ya bima ya afya ya NHIF, ambayo Edmonton haina kazi. Kampuni za bima za kule huuliza maradhi uliyokuwa nayo kabla ya safari, na nyingi hazilipii yale ambayo hayajatulia. Dozi ikibadilishwa miezi michache kabla ya kuondoka, tayari wanahesabu kwamba hayajatulia. Yake ilibadilishwa Agosti. Naogopa tulipe bima ghali, halafu sukari ikipanda usiku mmoja, Neema aletewe bili ya hospitali atakayoilipa miaka.

Lakini bima ni fedha, na fedha hutafutwa. Kinachotukwamisha hasa ni kihamba. Wasomaji wa Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine, ni shamba linaloizunguka nyumba: migomba, kahawa, ng'ombe wawili zizini, na makaburi ya wakwe zangu humo humo, yamezungushiwa masale, mimea tunayoipanda mipakani. Zamu yetu ya maji ya mfereji ikifika, mzee anaamka gizani, anafungua maji kwa jembe, anaziba pembeni kwa udongo na majani ya mgomba, kisha anayafuata taratibu mpaka yafike mche wa mwisho. Hamwachii kijana wa kazi shughuli hiyo hata akiwa na homa. Mtoto wetu wa mwisho wa kiume, ambaye kwa mila ndiye wa kubaki na nyumba hii, yuko kazini Dodoma na harudi karibuni.

Jumapili tulikaa mezani na fomu, Neema akiwa hewani kwenye simu. Kuna mahali inauliza utakaa kuanzia lini hadi lini. Mimi nilijaza yangu. Yeye alivaa miwani, akalisoma swali, akaweka kalamu juu ya karatasi, akamwambia binti yake: "Miezi yenu ya joto ndiyo miezi yangu ya kuvuna kahawa." Ni kweli. Huku tunachuma kuanzia Julai na kuendelea hadi mwisho wa mwaka. Akisubiri amalize, atafika Edmonton Januari, ambako baridi huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, naye miguu yake tayari inakufa ganzi kwa sababu ya sukari. Sikuwa na jibu. Neema pia hakuwa nalo.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitegemea. Afisa wa viza hutaka kuona kitu kitakachokurudisha kwenu. Pensheni zetu za PSSSF zinaonekana benki, lakini ushahidi wetu mkubwa ni hicho kihamba ambacho mzee hataki kukiacha, nacho hakina karatasi yoyote. Kilitoka kwa babu kikaja kwa baba, mipaka ni masale. Tumeshauriwa tupate barua ya mtendaji wa kijiji, au tuombe hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Basi siku mzee alipokwenda ofisini kuulizia, jioni yake shemeji zangu walikuwa sebuleni wakiuliza kama tunauza. Wengine wanavumisha kwamba tukienda tutanyang'anywa uraia. Nimewaeleza kwamba viza haigusi uraia, wala hata ukaazi wa kudumu haugusi. Anayepoteza uraia wa Tanzania ni mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine, jambo ambalo hakuna aliyeliwaza humu ndani. Hawajaniamini, na wifi yangu mmoja sasa ananisema kwa watu kuwa namtelekeza mume uzeeni.

Kuna kijana mjini Moshi anayejiita wakala. Alituambia tumpe milioni kadhaa, ataweka fedha kwenye akaunti yetu kwa muda ili taarifa ya benki inenepe, na kwamba ugonjwa wa mzee "hauna haja ya kutajwa". Nilimchukua mume wangu tukaondoka. Ukikamatwa umedanganya kwenye maombi, Kanada inaweza kukufungia miaka 5, na mimi sitamharibia binti yangu jina kwa njia hiyo.

Dosari ya karatasi iliyobaki ni ndogo: kwenye cheti cha kuzaliwa cha Neema nimeandikwa kwa jina la ukoo wa baba yangu, na pasipoti yangu ina jina la mume. Wakili ameshatuandalia kiapo.

Sasa Mshauri, nisaidie hapa. Niombe peke yangu, niende Machi, mzee abaki na kahawa yake, nami nirudi baada ya mwaka nimwone? Au tuombe wote wawili, yeye aje na kurudi anavyotaka maadamu viza iko hai, hata kama Neema atalipa ada kubwa kwa bima ambayo huenda babake akaitumia wiki chache? Moyo wangu uko kwa hili la pili, kwa sababu sitaki siku moja aseme niliandika jina langu peke yangu. Ila akiombewa akakataliwa kwa ajili ya afya, naogopa hataruhusu tena hata mazungumzo ya Kanada nyumbani kwake.

Tena nataka kujua hili la shemeji: hati ya kimila ya kihamba iandikwe jina la mzee peke yake, letu wote wawili, au tuitishe kwanza kikao cha ukoo? Mzee anataka kikao. Mimi naona kikao kitachukua miezi, na Machi haisubiri.

Na kama kuna msomaji mwenye kisukari aliyewahi kununua bima hiyo, au mzazi wake, naomba atuandikie waliulizwa nini, walilipa kiasi gani, na nini kilikataliwa. Neema anatakiwa kulipia kabla ya Krismasi.

Mama Neema,
Kibosho, Moshi