Machozi ya mamba sio kilio kikubwa

Ndugu mhariri,

Naomba kanafasi kadogo maana hili limenikaa rohoni. Juzi kati gazeti lako limeandika eti mashabiki "walimwaga machozi ya mamba" baada ya timu yao kushuka daraja. Jamani! Wale watu walilia kweli, picha mmeiweka wenyewe, jamaa kashika kichwa kamasi zinamtiririka, sasa unafiki wake uko wapi hapo?

Hiyo "crocodile tears" ya Waingereza ni kilio cha kujifanya, mtu analia huku moyoni hana uchungu hata chembe na mara nyingi yeye ndo kasababisha. Watu wa Ulaya zamani waliamini mamba anamlilia mtu huku anamtafuna, ndo ilipotokea. Haihusu wingi wa machozi kabisa, tone moja likiwa la uongo ni la mamba, ndoo nzima ikiwa ya kweli sio.

Sisi watu wa Kigoma mamba tunamjua, waulize wa Malagarasi kama kuna aliyewahi kuona anamsikitikia mtu. Ila machozi anayo kweli. Mwaka 2007 watafiti wa Florida kule Marekani walitoa matokeo yao, waliwaangalia jamaa zake mamba, aligeta na keimani, wakilishwa nchi kavu, na kati ya 7 watano wakatokwa machozi, wengine mpaka mapovu. Wakahisi ni ile hewa wanayopuliza wakati wa kula ndo inasukuma machozi nje. Huzuni hamna.

Kinachoudhi zaidi ni misibani. Kuna MC mmoja hapa mjini, watu wanaaga mwili kule Mwanga, kashika maiki anatangaza kwamba mama mjane "anatokwa na crocodile tears", nadhani aonekane kasoma. Mjane wa watu hakuelewa, lakini shemeji yake ni mwalimu wa sekondari, akainuka palepale, wazee wakamvuta shati akae. Na alikuwa na haki, maana ile ni tuhuma sio pole! Hata kwenye Othello ya Shakespeare mume anadai machozi ya mkewe ni ya mamba na mke mwenyewe hana kosa lolote.

Wa kuambiwa hivyo wapo, tena wengi. Kuna yule ndugu anayegaragara chini mpaka anamwagiwa maji, kina mama wanampepea na khanga, kumbe kipindi chote marehemu yuko wodini yeye alikuwa anazunguka Kibirizi kutafuta mteja wa injini ya boti ya mgonjwa. Huyo mwandikeni hata ukurasa wa mbele.

Ya mashabiki semeni tu walilia sana, inatosha. Na huyo MC akija msiba wa kwetu maiki hapewi, atakula pilau aondoke.

Msomaji wenu,
Gungu, Kigoma