Salamu za Krismasi kwa mnaosubiri

Shikamooni wazee wangu mliotufundisha kazi. Kaka na dada zangu wa hanga, banda letu la kukarabatia ndege, habari za mwisho wa mwaka? Na ninyi wadogo zangu mlio vyuoni mkisomea ufundi na urubani, hamjambo?

Majilio yanaisha. Kanisani kwetu mishumaa mitatu imeshawaka, wa nne ni Jumapili hii. Siku kama hizi huwa naikumbuka Krismasi moja ambayo hata sikuwa nimezaliwa: ya mwaka 1963, mjini Wichita, jimbo la Kansas, Marekani. Hapo palikuwa na jeti ndogo nyeupe, Learjet 23, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 7 Oktoba mwaka huo. Ilikuwa imeruka, lakini haikuwa na cheti cha mamlaka ya anga cha kuthibitisha kwamba ni salama. Na ndege isiyo na cheti, wenzangu mnajua, huwezi kumkabidhi mteja.

Mwenye ndege, Bill Lear, alikuwa na umri wa miaka 61. Shule aliishia darasa la nane. Fedha alizipata kwa redio za magari na vifaa vya ndege, hasa mtambo wa kuiongoza ndege bila rubani kushika usukani. Alipotaka kutengeneza jeti ya watu binafsi, bodi ya kampuni aliyoianzisha mwenyewe ilikataa. Akauza hisa zake, akaendelea peke yake.

Chanzo cha jeti hiyo kilikuwa Uswisi. Kule Altenrhein, kando ya Ziwa Constance, kulikuwa na ndege ya kivita iitwayo P-16. Mwaka 1958 serikali ya Uswisi iliagiza 100, kisha baada ya ajali ikafuta oda yote. Lear akaona lile bawa lake, jembamba na imara, linafaa kubeba abiria. Kampuni akaianzisha Uswisi mwaka 1960, na mwaka 1962 akaihamishia Wichita, mji ambao mafundi wa ndege walikuwa wengi.

Kuna jambo alilofanya ambalo mpaka leo linanitetemesha. Desturi ni kutengeneza kwanza ndege ya mfano kwa mkono, uijaribu, urekebishe, halafu ndipo ununue vifaa vya kiwandani vya kutengenezea ndege nyingi. Lear alianza na vifaa vya kiwandani moja kwa moja. Kama umbo lingekuwa na kasoro kubwa, fedha zote zingekuwa zimekwenda. Mimi nisingethubutu. Ila naelewa kwa nini alifanya hivyo: washindani nao walikuwa mbioni, na mfuko ulikuwa unakauka.

Basi Krismasi ile ikapita, wakaendelea na majaribio. Tarehe 4 Juni 1964, rubani wa mamlaka ya anga ya Marekani akiwa kwenye usukani, ndege ile ya kwanza ilianguka mara tu baada ya kuruka. Spoila zilikuwa zimeachwa wazi. Kwa wasio wa kazi hii: spoila ni vibao vinavyolala juu ya bawa. Ukishatua unavisimamisha, bawa linaacha kubeba, uzito wote unashuka kwenye magurudumu na breki zinashika vizuri. Vikiwa vimesimama wakati unaruka, bawa halikubebi. Ndege iliharibika kabisa, lakini waliokuwemo walitoka salama, na hilo ndilo la kumshukuru Mungu.

Watu wengi wangefunga hanga siku hiyo. Lakini ndege ya pili ilikuwa tayari inaruka, fedha za bima zikasaidia, na kosa lenyewe halikuwa la bawa wala injini. Tarehe 31 Julai, wiki nane tu baada ya ajali, cheti kikatoka. Mteja wa kwanza, kampuni moja ya Ohio, alikabidhiwa ndege yake Oktoba ya mwaka huo huo. Mengine yalikuja baadaye: kampuni kuuzwa kwa Gates, kampuni ya bidhaa za mpira, mwaka 1967, na Learjet ya mwisho kukabidhiwa mwaka 2022. Mimi moyo wangu unabaki palepale, Desemba ya 1963, kwa mafundi wale waliokaa mezani na familia zao huku kazi ya mikono yao iko hangani inangoja saini.

Nami nimewahi kula Krismasi ya namna hiyo, majibu ya mtihani wa leseni yakiwa hayajatoka. Mama alinipakulia pilau, akaniwekea paja la kuku ambalo kwa kawaida ni la baba, wala hakuniuliza neno. Baba naye alilitazama lile paja, akajisogezea kachumbari, akaanza kula.

Kwa hiyo salamu zangu mwaka huu naanza na ninyi mnaosubiri: leseni, majibu, mkataba, kipuri kilichokwama bandarini. Najua wiki hii mnavyoishika simu kila dakika. Mliopangiwa zamu ya usiku tarehe 25, mimi nipo nanyi, nitakuja na chapati na chupa ya chai ya tangawizi. Tutakunywa tukishamaliza kukagua, spoila zikiwemo.

Krismasi njema, wapendwa. Heri ya Mwaka Mpya.