Zuhura, nipigie hoteli moja simu

Dodoma,
Septemba 30, 2025

Zuhura shoga yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, joto limeanza, vumbi ni lile lile uliloliacha. Najua nimekaa kimya toka Juni na najua umenuna, ila naomba uendelee kununa baada ya Ijumaa, maana nina shida ya haraka.

Unaikumbuka ile nafasi ya intern niliyokudokezea? Hoteli ya onsen, yale mabafu ya chemchemi za maji moto, huko huko Japani uliko, miezi 6, mshahara yen 150,000 kwa mwezi, chumba bure. Basi nilimpa wakala shilingi 1,200,000 ya kushika nafasi. Imebaki milioni tatu, mwisho Ijumaa. Hiyo niliyotoa ni mgao wa mama wa vicoba, wa mwaka mzima. Mama yule yule unayemjua, anayerudi sokoni kudai mia iliyopungua kwenye chenji.

Juzi wakanitumia mkataba. Kurasa nne, Kijapani kitupu, wanataka sahihi kila ukurasa. Yule kaka wa ofisi ya wakala akaniambia nisijisumbue kusoma, ni mambo ya kawaida. Sasa Zu, mtu anakupeleka Japani kwa sababu unajua Kijapani, halafu anakwambia usisome Kijapani? Nikakaa na kamusi kuanzia saa mbili usiku. Mengi yamenipita, sikufichi. Ila ukurasa wa pili, palipoandikwa aina ya ukaazi, kuna kanji, yale maandishi ya Kijapani, nne: 短期滞在. Ya kwanza naijua, ndiyo ya mijikai, fupi. Ya pili na ya mwisho nazijua. Ile ya tatu, yenye matone matatu ya maji ubavuni, niliichora kwa kidole kwenye simu mara tano ikikataa, ya sita ikakubali. Tanki taizai! Ukaaji wa muda mfupi. Siku 90 za mtalii na za mtu aliyekuja harusini, na kulipwa mshahara marufuku. Hiyo miezi 6 ya kazi inaingilia mlango gani?

Nilikaa pale kitandani kama niliyemwagiwa maji.

Asubuhi nikamfuata Sensei, mwalimu wetu wa Kijapani. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinieleza tu kwamba mwanafunzi wa chuo cha nje akienda intern ya kulipwa, ukaaji wake ni tokutei katsudo, yaani shughuli maalumu, na hapo lazima chuo chenyewe kiwekeane mkataba na hoteli, kazi ihesabiwe kwenye masomo yako, kama vile fildi yetu inavyohesabiwa. Akaniuliza, "Hao watu walikuomba barua ya chuo?" Shoga, hawajaniuliza hata namba ya usajili. Waliniuliza nitalipa kwa simu au kwa benki.

Nilipompigia yule kaka akasema hiyo tanki taizai ni ya kuingilia tu, ukishafika wanakubadilishia. Kwa sauti tulivu kabisa, kama daktari. Nikakaribia kumwamini tena, si uongo. Unajua mtu ukishatoa hela, unataka sana yule uliyempa awe mkweli.

Na hapa nyumbani huwezi kupata ushauri. Mjomba anasema nahangaika bure, Tanzania tumeshapewa mji mzima huko kwenu, unaitwa Nagai, ni kuhamia tu. Nikamwelewesha taratibu: Nagai ni mji wa Yamagata, urafiki wetu nao ni wa tangu maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo. Mwezi wa nane JICA, shirika la misaada la Japani, wakautaja kuwa mji wa nyumbani wa Tanzania, kwa ajili ya kutembeleana na kubadilishana ujuzi, baadhi ya Wajapani wakasikia kwamba tunahamia wote, malalamiko yakafurika, na wiki iliyopita JICA wameufuta mpango wenyewe. Mjomba akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Wameufuta kwa sababu mmechelewa kwenda."

Devota yeye ameshaachana na habari za intern. Anafukuzia tokutei ginou, ile viza ya kazi ya ujuzi maalumu iliyoanza 2019, upande wa kaigo, kutunza wazee. Kule hakuna kuombwa digrii, ila kuna mtihani wa kazi, mtihani wa lugha, na kaigo ina wake wa lugha wa ziada. Sensei kwangu anataka nimalize digrii kwanza, halafu nijaribu ABE, ule ufadhili wa JICA, unasoma masta huku umepangiwa na intern kwenye kampuni. Ni njia nzuri, ila ni ndefu, na mama ameshanunua begi. Nilikuwa sijakwambia. Begi kubwa la matairi, jekundu, bado lina nailoni yake. Liko pale karibu na gunia la mchele. Kila nikipita nageuza uso.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Ukurasa wa kwanza una jina la hoteli na namba ya simu, nakutumia picha. Wapigie, uulize tu kama wanawajua hawa watu na kama wanamtarajia mwanafunzi kutoka Tanzania. Ningepiga mwenyewe, ila unanijua mimi kwenye simu: baada ya moshi moshi, ile halo yao, nabaki na moshi. Wewe na hizo saa zako 28 za baito, kibarua cha mwanafunzi, kwa wiki pale mapokezi, keigo, Kijapani cha heshima, imeshakuwa mate mdomoni. Wakisema ndiyo, nitakula maneno yangu yote na kuwaomba chuo waandike huo mkataba. Wakisema hapana, nakwenda ofisini kwa wakala na risiti, na kaka yangu anasema tupitie ofisi ya kazi kwanza tujue kama wana leseni. Hiyo milioni tatu sitoi, hilo nimeshaamua. Nadhani nimeshaamua.

Mtihani wa Kijapani wa N4 nimejiandikisha, Nairobi, Desemba 7. Alama za kufaulu, tisini kwa 180, naweza kuzifikia, ila kusikiliza kunanitisha. Na usaili wa hawa watu walinifanyia kwa Kiswahili, hilo nalo lilipaswa kunishtua.

Sasa nijibu yote, usichague. Umewahi kuona mtu kaingia kwa tanki taizai akabadilishiwa kuwa ya kazi? Hoteli yako huwa wanachukua intern wa nje, na nani anawaletea? Yule Mnepali wenu alilipa wakala kiasi gani, au hakulipa? Kwenye choukai, ile sehemu ya kusikiliza, ulikuwa unasikiliza nini mpaka masikio yakafunguka? Na mama nimwambie leo, au nisubiri simu yako? Maana nikimwambia leo hatalala, na nikimwambia Jumamosi ataniuliza kwa nini sikumwambia leo.

Piga asubuhi ya huko, kabla hawajaanza kupokea wageni. Ukikuta hiyo namba haipatikani kabisa, niambie hivyo hivyo, usinipambe.

Mama anakusalimia sana. Yuko sebuleni, anamwonyesha mama Devota zipu za begi.

Wako,
Neema