Kabla ya kukifuta kivinjari, kizime kiendelezi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wa safu ya teknolojia, ambaye wiki iliyopita aliulizwa na msomaji afanye nini na kivinjari chake cha zamani ambacho, tangu programu-jalizi moja (programu ndogo iliyoongezwa ndani yake) isasishwe, hujifunga chenyewe kila kinapofunguliwa. Jibu lilikuwa fupi: kifute, ukisakinishe upya, kisha uzime masasisho yote ili balaa hilo lisijirudie. Nimetengeneza kompyuta za watu kwa miaka mingi, na ushauri huo wa kufuta na kusakinisha upya niliwahi kuutoa mimi mwenyewe, tena kwa kujiamini sana, ndiyo maana siwezi kuunyamazia.

Niliutoa kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyeniletea kompyuta yenye tatizo lilelile. Dirisha lilifunguka, vichupo vya kurasa alizokuwa amezifungua vikaanza kujipanga, na kabla ukurasa wa kwanza haujamaliza kupakia vyote vikatoweka, bila hata ujumbe wa kosa. Nilikiondoa kivinjari, nikakisakinisha upya na kukifungua mbele yake. Dirisha likafunguka, vichupo vyake vilevile vikajipanga, vyote vikatoweka kama mwanzo. Vichupo hivyo vilipaswa kunishtua: kama kivinjari kilikuwa kipya kweli, kilivijuaje?

Kilivijua kwa sababu kivinjari hukaa mahali pawili. Programu yenyewe ina folda yake, na vitu vya mtumiaji, yaani vialamisho (alama za kurasa alizozihifadhi), nywila, historia, mipangilio na viendelezi (programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo) alivyoongeza, vina folda nyingine inayoitwa wasifu. Unapokiondoa kivinjari kwa njia ya kawaida, folda ya kwanza huondoka na ya pili hubaki, na kiendelezi kinacholeta matata kimo humo kikisubiri. Programu-jalizi za mtindo wa zamani zilikuwa mbali zaidi, kwa kuwa ziliwekwa kwenye kompyuta na kisakinishi chao wenyewe, na kivinjari kilizikuta tu kila kilipowashwa. Kwa hiyo anayesakinisha upya hukarabati sehemu ambayo aghalabu ilikuwa nzima.

Hatari zaidi ni kwamba baadhi ya vivinjari, Chrome kikiwemo, wakati wa kuondolewa huonyesha kisanduku kinachouliza kama data ya matumizi nayo ifutwe. Msomaji aliyeambiwa afute kila kitu atakitia alama. Huenda kivinjari kikatulia baada ya hapo, lakini kama hakuwa amesawazisha data yake na akaunti yoyote, nywila alizohifadhi kwa miaka zitakuwa zimekwenda, na safu ile haikumwonya hata kwa sentensi moja.

Ningemshauri aanze kwa kuunakili wasifu. Katika kivinjari cha Firefox huandikwa about:support kwenye upau wa anwani, na ukurasa unaofunguka huonyesha folda ya wasifu ilipo. Katika Chrome njia ya folda hiyo huonekana kwenye chrome://version. Kama kivinjari hakikai wazi muda wa kutosha kusoma chochote, hatua hii ingoje hadi kiwashwe katika hali salama, yaani bila viendelezi, kama nitakavyoeleza. Kwa anayetumia Firefox, vialamisho na historia vimo katika faili la places.sqlite, na nywila zimo katika logins.json, ambalo halifunguki bila mwenzake key4.db; nimewaona watu walionakili moja wakaliacha la pili. Nywila za Chrome kwenye Windows hufungamanishwa na akaunti ya mtumiaji wa kompyuta ileile, hivyo kunakili folda kwenda kompyuta nyingine hakutoshi kuziokoa.

Kisha akiwashe kivinjari bila viendelezi. Firefox hufunguka katika hali salama, ambayo siku hizi huitwa Troubleshoot Mode, ukishikilia kitufe cha Shift wakati wa kukiwasha, na Chrome hukubali kuwashwa kwa agizo la --disable-extensions. Kikisimama bila kuanguka, azime viendelezi vyote, kisha aviwashe kimoja kimoja, akianza na kile kilichosasishwa. Ni haki kukishuku hicho kwanza, ingawa mara nyingine kosa hutokea viwili vinapokutana. Hapa pana mtego uliowahi kunipotezea mchana mzima: hali salama ya Firefox huzima pia matumizi ya kadi ya picha katika kuchora kurasa, kwa hiyo kivinjari kinachotulia katika hali salama lakini kikaendelea kuanguka hata viendelezi vyote vikiwa vimezimwa huenda kinagombana na kiendeshi cha kadi hiyo, yaani programu inayoiendesha. Kikianguka hata katika hali salama, aunde wasifu mpya kwa kujaribu, bila kuugusa ule wa zamani.

Safu ile pia ilichanganya programu-jalizi na kiendelezi, na tofauti yake si ya kamusi tu. Programu-jalizi za zamani, kama ile ya Flash iliyocheza video na michezo ndani ya kurasa, zilikuwa msimbo kamili wa mashine uliopakiwa ndani ya kivinjari, na ikigusa kumbukumbu isiyo yake, mfumo endeshi ulivizima vyote viwili. Firefox kilianza kuzitenga na mchakato wake mkuu katika toleo la 3.6.4, mwaka 2010, na tangu hapo ikianguka programu-jalizi mara nyingi ukurasa ulibaki na pengo tu. Chrome kiliacha mfumo huo wa zamani mwaka 2015, Firefox kikauacha mwaka 2017 isipokuwa kwa Flash, na Flash yenyewe ikakoma kuhudumiwa tarehe 31 Desemba 2020. Anayekutana nazo leo anatumia kivinjari cha zamani mno, na tiba yake ni kuziondoa. Viendelezi vya sasa vimefungiwa zaidi. Kwa kawaida haviwezi kukiangusha kivinjari moja kwa moja, ila huweza kuamsha kasoro iliyolala katika toleo la zamani au kula kumbukumbu hadi kompyuta ishindwe. Watengenezaji wana nafasi ya kutaja toleo la chini kabisa ambalo kiendelezi chao kinalihitaji, na asiyeitumia huiacha kazi yake itue kwenye vivinjari ambavyo hakuwahi kuijaribia. Lawama hiyo sidhani kama inamhusu msomaji.

Kuhusu kuzima masasisho, nakubali kwamba kusimamisha sasisho la kiendelezi kimoja kwa siku chache kuna maana, mtengenezaji anaposahihisha kosa lake. Kuyazima yote ndiko kulikozaa tatizo tunalolizungumzia, kwa kuwa kivinjari kilibaki nyuma huku viendelezi vikisonga mbele. Wala kurudi kwenye toleo la zamani zaidi si njia nyepesi: tangu toleo la 67 la mwaka 2019, Firefox hukataa kufungua kwa toleo la nyuma wasifu uliokwisha kutumiwa na la mbele, na mtu hukuta wasifu mtupu akadhani vialamisho vyake vimepotea. Mwenye kompyuta ya Windows 7 ana ukomo wake, kwani Chrome kiliishia toleo la 109 na Firefox kikaishia tawi la 115. Huyo achague viendelezi vichache anavyovihitaji kweli na aviondoe vingine.

Mwalimu wangu, kwa bahati, alikuwa na kiendelezi kimoja tu kilichosasishwa wiki hiyo. Nilikizima kwa kubofya mara moja, na kivinjari kikakaa. Ninaomba safu ichapishe masahihisho katika toleo lijalo, hasa kuhusu kisanduku cha kufuta data, kwa sababu aliyeuliza huenda bado hajaanza kazi hiyo.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa kompyuta