YAH: MALALAMIKO KUHUSU STENDI YA KAMERA ILIYOUZWA KUWA INAFAA KWA MBIO ZA MAGARI

Dodoma

Kwa Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpiga picha za video hapa Dodoma. Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu stendi ya kamera kwa shilingi 185,000, baada ya kusoma kwenye boksi maneno "inafaa kwa mbio za magari" na muuzaji wenu kunithibitishia hivyo.

Tuliibandika kwenye kioo cha mbele cha gari la rali, kioo nilichokisafisha kwa spiriti na kukikausha mwenyewe, tukaenda kufanya majaribio kwenye barabara ya vumbi upande wa Hombolo. Hatukumaliza kilomita 6. Kikombe cha mpira kinachoishikiza stendi kwenye kioo kiliachia ghafla, kamera ikampiga msoma ramani gotini na kuangukia miguuni mwa dereva wakati gari likikaribia kona. Kamera haikuzimika: video inaonyesha paa la gari, kisha soli ya kiatu cha dereva ikiisukuma kando ili apate kukanyaga breki. Nimeiambatisha, na ninaomba muitazame kabla ya kunijibu.

Nilipopiga simu niliambiwa kosa ni langu, eti kioo kilikuwa na vumbi. Jibu hilo silikubali. Kikombe cha aina hii hushikiliwa na mgandamizo wa hewa ya nje tu. Jua kali hulainisha mpira, mtikisiko huingiza hewa ukingoni kidogo kidogo, na Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko huko pwani. Kwenye mbio kamera hufungwa kwa kibano cha chuma kwenye bomba la keji ya usalama, yaani fremu ya mabomba ya chuma ndani ya gari, tena huwekewa kamba ya akiba. Kibano hicho hamkunionyesha, ingawa nilieleza wazi kazi yangu.

Kwa hiyo ninaomba mnirudishie fedha zangu zote na muyaondoe maneno hayo kwenye matangazo yenu. Lenzi iliyopasuka sitawadai, japo inaniuma. Kinachoninyima usingizi ni kwamba stendi kama hiyo bado ipo kwenye rafu zenu, na atakayeinunua kesho huenda asiwahi breki. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Wako mwaminifu,
Mpiga picha za video, Dodoma.